Bosi amenunua jeti na atairusha peke yake, wakuu nimeshindwa kumwambia ukweli

Fundi wa Uyole:

Habari zenu wakuu, mnivumilie uzi ni mrefu kidogo ila nimekaa nao moyoni wiki nzima na usingizi wenyewe unakuja kwa kubembeleza.

Mi ni fundi wa ndege ndogo, huu mwaka wa 14, kazi nyingi nimefanyia Dar, sasa hivi niko nyumbani Uyole, Mbeya, likizo. Kuna bosi mmoja wa mbao kule Mafinga, jina nalihifadhi, mtu mwema sana kwangu, hata ada ya mdogo wangu aliwahi kunisaidia bila kuombwa mara mbili. Ana leseni ya urubani na ana Cessna 206 ya injini moja anairusha mwenyewe Dar na Iringa. Juzi kanipigia simu kwa furaha, fundi nimepata jeti, Phenom 100 iliyotumika, injini mbili, alafu raha yenyewe inaruhusiwa rubani mmoja kwa hiyo sihitaji kuajiri mtu wa kukaa pembeni yangu. Nikamwambia hongera bosi. Simu ikakatika nikabaki nimekaa kwenye kiti cha baraza mpaka chai ikapoa, maana nilikuwa na la kumwambia na sikulisema.

Nianze na lililo kweli ili tusipotoshane. Ni kweli inaruhusiwa. Phenom 100, Citation za CJ, HondaJet, Eclipse, Vision Jet, hizi zote zimethibitishwa kurushwa na mtu mmoja akiwa na mafunzo ya hiyo ndege yenyewe. Sio uchochoro wa sheria. Na ndege zenyewe ni nzuri, nimewahi kuishika Citation kwa mikono yangu, utengenezaji wake unapendeza. Tatizo silioni kwenye chuma.

Tatizo ni hivi. Cessna 206 inatembea kama kilomita 260 kwa saa. Phenom inatembea 700 na kitu. Dakika moja umekula kilomita 12, yaani ukisema ngoja nitafute karatasi ya uwanja umeshatoka Uyole umefika mjini na chenji inabaki. Na katika hiyo dakika mnara unakuita redioni wanakubadilishia kimo, wingu liko mbele, mafuta unapiga hesabu, abiria nyuma anauliza tunafika saa ngapi, kompyuta inakuonya kitu. Wakiwa wawili mmoja anarusha mwingine anashika redio na kusoma chekilisti. Ukiwa peke yako ni wewe, wewe, na wewe.

Tarehe 8 Desemba 2014 Phenom 100, ndege ile ile anayoitaka bosi wangu, ilikuwa inashuka Gaithersburg, Maryland, Marekani. Aliyekuwa anarusha alikuwa mkuu wa kampuni yake mwenyewe, na sio mgeni wa anga, ana masaa maelfu. Hali ya hewa ilikuwa ya barafu. Phenom ina mipira kwenye ukingo wa mbele wa bawa na mkia, ukibonyeza swichi inavimba inavunja barafu. NTSB, ile bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ikagundua kwamba hakuiwasha. Bawa lenye barafu linaishiwa nguvu ya kubeba mapema kuliko bawa safi, kwa hiyo unatakiwa uje na mwendo mkubwa zaidi, yeye akaja na mwendo wa bawa safi. Karibu na uwanja ndege ikaishiwa, ikaanguka. Waliokuwa ndani walikuwa watatu, wote walikufa. Swichi moja wakuu. Mtu wa pili pale pembeni kazi yake ingekuwa kuuliza tu, bosi barafu umewasha?

Na ya pili inaniuma zaidi. Tarehe 29 Desemba 2016, Cleveland, Ohio, jioni hiyo watu wametoka kuangalia mpira wa kikapu. Rubani ni mfanyabiashara, amebeba mke wake na watoto wake wawili wa kiume na jirani na binti wa jirani. Ndege ni Citation CJ4, alikuwa nayo karibuni tu, kabla yake alizoea Citation ndogo zaidi, Mustang. Wakapaa usiku kuelekea upande wa Ziwa Erie ambako kuko giza hakuna taa hata moja ya kukuambia hapa ni juu hapa ni chini. NTSB wanasema inaelekea aliamini otopailoti, ule mtambo unaorusha ndege wenyewe, imeshika, kumbe haijashika, na mpangilio wa ndege aliyoizoea ulikuwa tofauti na wa hii mpya. Alafu alikuwa macho karibu masaa 17. Ndege ikalala upande, ikazama ziwani, muda mfupi mno tangu iache ranwei. Watu 6.

Soma tena hapo: kabadilisha ndege karibuni, kachoka, usiku, kabeba familia, peke yake. Sasa bosi wangu anahama kutoka 206 kwenda jeti, ana mbao za kusimamia kuanzia saa 11 alfajiri, mikutano yake Dar inaisha jioni na anapenda kulala kwake Mafinga. Mnanielewa kwa nini silali?

Naombeni mawazo, hasa namna ya kumwambia mtu mkubwa kwako kitu ambacho hataki kukisikia.

Kijana wa Kabwe:

Mkuu nakuheshimu ila hapa unajipa mzigo usio wako. Pesa yake, ndege yake, roho yake. Amesoma, ana leseni, mamlaka wamemruhusu. Wewe fundi kaza bolti zako.

Fundi wa Uyole:

@Kijana wa Kabwe nimekusoma ndugu yangu na nilijua hilo litakuja. Kuna kitu kwenye ile ya Gaithersburg sikukiandika juu pale kwa sababu kila nikikiandika mkono unakuwa mzito. Ndege haikuangukia porini. Iliangukia nyumba. Ndani kulikuwa na mama na watoto wake wawili wadogo, mmoja mchanga kabisa. Wakafa wote watatu. Yule mama hakununua tiketi, hakujua kama kuna mtu juu ya paa lake amesahau swichi. Kwa hiyo roho sio yake peke yake. Uwanja wetu wa zamani hapa Mbeya ulikuwa katikati ya watu mpaka 2012 ulipohamia Songwe, wenyeji mnakumbuka ndege zilivyokuwa zinapita juu ya mabati.

Dereva wa Kitonga:

Wanajamvi mi sijui ndege ila barabara ya Tanzam naijua kilomita kwa kilomita, nimeendesha semi miaka 19 Dar Tunduma. Fundi hapa anasema ukweli mtupu. Basi la Mbeya Dar safari yake inazidi masaa 8 kwa hiyo sheria inataka madereva wawili, na hilo basi linatembea 80, unaweza kupaki pembeni ukakojoa ukanawa uso. Jeti huwezi kupaki pembeni.

Niwaambie kitu. Mwaka fulani nashuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba, nilikuwa nimechoka ila mwenyewe najiona mzima kabisa, hilo ndilo baya la uchovu, haukwambii nimekuja. Utingo wangu kijana wa Makambako mdogo sana akaniambia mzee umepita gia. Nikamkaripia, nikamwambia wewe kula njugu. Akarudia, mzee rudisha gia, breki zinanuka. Ndo nikashtuka. Nilikuwa nashuka Kitonga kwa gia ya tambarare, wanaojua wanajua maana yake nini. Yule kijana leo ana gari lake na kila nikimuona namuamkia mimi, mimi mkubwa. Kwa hiyo nasema huyo bosi hahitaji rubani mwenzake wa bei mbaya tu, anahitaji mtu mwenye uthubutu wa kurudia mara ya pili baada ya kukaripiwa.

Mnyalu wa Kihesa:

Kamwene fundi. Mi nafanya utalii huku Iringa, wageni wangu wa hifadhi ya Ruaha wanashuka na Caravan, ndege ndogo ya injini moja, na mara nyingi mbele kuna rubani mmoja tu, miaka nenda rudi hatujapata shida. Kwa hiyo unataka kusema hizo nazo ni hatari? Usije ukatuharibia biashara mkuu.

Fundi wa Uyole:

@Mnyalu wa Kihesa kamwene sana. Swali zuri na nashukuru umeliuliza. Angalia tofauti. Yule kijana wa Caravan ameajiriwa. Ana masaa yake ya kupumzika yameandikwa, akizidisha hapangiwi safari. Anarusha kila siku, mikono haijapata kutu. Kila mwaka anakaguliwa na mtu anayeweza kumfelisha. Asubuhi kama Msembe, kiwanja cha huko Ruaha, kuna wingu, kuna mtu ofisini anamwambia subiri, na akirudi bila kutua hakuna wa kumcheka, mshahara unaingia. Huyo yuko peke yake kwenye kiti lakini hayuko peke yake kwenye maamuzi.

Mwenye ndege ndo bosi, ndo rubani, ndo anayelipa mafuta, na ndo mwenye mkutano anaouchelewa. Nani amwambie leo hapana? Mi mwenyewe nimekula ada yake nikasema hongera.

Niongeze moja yangu. 2019 nilipanda na mwenye ndege mmoja, sio huyu, tunatoka Dar kwenda Nduli, uwanja wa Iringa, na ndege ya injini moja. Kufika upande wa Udzungwa milima imevaa wingu mpaka magotini. Akasema tushuke chini ya wingu tufuate barabara, Kitonga naifahamu. Mi sio rubani, nilikaa kiti cha kulia kwa sababu ya kwenda kufanya matengenezo tu. Nikamwambia mzee mi huko siingii, geuza. Akanyamaza, nikahesabu moyoni, akageuza. Mpaka Dar hakunisemesha. Kesho yake alinitumia meseji ya neno moja, asante. Angekuwa peke yake angeingia lile bonde, nina uhakika, kwa sababu wakati nasema geuza pua ya ndege ilikuwa imeshainama.

Anga Jeupe:

Mleta uzi uko vizuri ila unaongea kama teknolojia imelala. Kuna Vision Jet ya Cirrus, injini moja, ina parashuti ya ndege nzima, rubani akizimia abiria anavuta kishikio ndege inashuka kwa mwavuli. Na kuna kitufe cha Garmin, abiria anabonyeza, ndege inachagua uwanja, inaongea yenyewe redioni, inatua na kusimama. Si amwambie anunue hiyo yaishe?

Fundi wa Uyole:

@Anga Jeupe uko sahihi kabisa na hiyo teknolojia naikubali kwa dhati, wangeivalisha kila jeti ndogo ningefurahi. Ila mambo mawili. Kile kitufe kinategemea uwanja ulio kwenye kumbukumbu yake, wenye njia ya setilaiti ya kushukia mpaka chini, usidhani popote utakapobonyeza kitakupeleka Njombe kikakupaki.

Kubwa ni la pili. Kitufe kinasaidia pale watu walipojua kuna tatizo. Yule wa Cleveland hakujua. Yule wa Gaithersburg hakujua mpaka sekunde za mwisho. Parashuti nayo inataka nafasi chini yako. Otopailoti ni mtumwa mwaminifu, inafanya ulichoiagiza, na kama hukuiagiza haifanyi na haikuulizi kwa nini umenyamaza. Sijawahi kuona chombo kinachosema bosi leo umechoka tulale Dar.

Mama Lulu Mafinga:

Samahanini kaka zangu mi ni msomaji tu huwa sichangii. Nimesoma mpaka mwisho nikiwa na maswali kwa sababu hapa kwetu tunawajua hao wenye ndege, wake zao tunasali nao. Mke wake afanye nini? Maana yeye anapanda nyuma na watoto, hajui hata mlango unafungwaje. Na hiyo habari ya kuzimia hewani ni kweli inatokea au ni sinema?

Fundi wa Uyole:

Dada @Mama Lulu shikamoo, na usiseme wewe ni msomaji tu, hili ndo swali la maana kuliko yote humu.

Kuzimia ni kweli. Juu kule hewa ni nyembamba, ndege inapulizia hewa ndani ili mpumue kama mko chini. Mfumo huo ukifeli kwenye futi 35,000 una nusu dakika mpaka dakika moja ya akili timamu, futi 40,000 ni kama sekunde 15 hadi 20. Na haiumi. Unajisikia vizuri, unacheka, huku akili imeshaondoka. Ndo maana Marekani sheria inasema ukiwa rubani peke yako juu ya futi 35,000 barakoa ya oksijeni iwe usoni muda wote, wakiwa wawili wanaruhusiwa kuwa nayo karibu tu mpaka futi 41,000. Tarehe 4 Septemba 2022 kuna Citation ilitoka Jerez, Hispania, inaenda Cologne, Ujerumani, mwenye ndege anarusha mwenyewe yuko na familia, watu 4. Mawasiliano yakakatika. Ikapita Ujerumani bila kushuka, ndege za kivita zikaifuata, marubani wakachungulia hawaoni mtu mbele, ikaenda mpaka mafuta yakaisha ikaanguka Bahari ya Baltiki karibu na Latvia.

Kwa hiyo mke afundishwe. Siku moja tu inatosha kwa kuanzia: barakoa iko wapi na inavaliwaje, redio inabonyezwa wapi, otopailoti inashushwaje kimo. Haitakiwi awe rubani. Tarehe 10 Mei 2022 kule Florida rubani wa Caravan alizidiwa angani, abiria ambaye hajawahi kurusha akashika usukani, mwongoza ndege akamuelekeza kwa redio, akatua Palm Beach salama. Aliweza kwa sababu kuna mtu alimuongelesha.

Na jingine dada, mke ana haki ya kugoma kupanda. Hilo nalo ni kifaa cha usalama, na wenye ndege wanalisikia kuliko sisi mafundi.

Kijana wa Kabwe:

Fundi nimerudi. Ile ya nyumba imeninyamazisha, samahani kwa maneno yangu ya mwanzo. Ila nibishe kidogo kwa nia njema. Ile ndege ya Precision Air ya Bukoba 2022 ilikuwa na marubani wawili, na bado watu 19 walikufa. Hapo Malawi kwa jirani zetu, Juni 2024, ndege ya makamu wa rais Chilima ilikuwa ya jeshi, ikashindwa kutua Mzuzu kwa hali ya hewa ikaangukia msitu wa Chikangawa, watu 9. Hao nao hawakuwa mtu mmoja anayejirusha.

Fundi wa Uyole:

@Kijana wa Kabwe yaishe, tuko pamoja. Na hapo unabisha vizuri. Rubani wa pili sio hirizi. Angalia Tenerife, 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, watu 583, mpaka leo hakuna ajali ya ndege kwa ndege iliyoua wengi hivyo. Injinia aliyekuwa nyuma ya marubani wa KLM aliuliza, ile nyingine haijatoka kwenye ranwei? Rubani mkuu hakumsikiliza, wakaenda. Sauti ilikuwepo, sikio halikuwepo. Baada ya pale mashirika yakaanza kufundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema, na sasa ni somo la lazima. Alichosema Dereva wa Kitonga juu ya utingo wake ndo somo lenyewe.

Ila ukiona watu wawili wanaweza kukosea, usihitimishe kwamba mmoja anatosha. Na huku kwetu nyanda za juu hapasamehi: Songwe iko mita 1,300 na zaidi juu ya bahari, Nduli 1,400, hewa nyembamba ndege inataka ranwei ndefu zaidi kupaa na inagusa chini kwa kasi zaidi, pembeni una Rungwe karibu mita 3,000 na ukungu wa asubuhi ambao mnajua umegeuza ndege za abiria ngapi zikarudi Dar na watu wao.

Dereva wa Kitonga:

Fundi mi ushauri wangu usimpigie simu. Simu mtu anakukatia. Mfuate Mafinga, kaa naye, kula naye ugali, alafu sema. Na usiseme bosi huwezi, sema bosi usiwe peke yako.

Fundi wa Uyole:

MREJESHO

Wakuu nilienda Jumamosi. Nilipanda Coaster asubuhi na baridi lile, nikafika kwake kabla ya mchana. Nilifuata maneno ya Dereva kama yalivyo. Nikamwambia kwanza kwamba siku ile niliposema hongera sikumaliza sentensi, nimekuja kuimalizia.

Alinisikiliza zaidi ya saa nzima. Ya Cleveland aliniomba nirudie, ile sehemu ya kuhama ndege. Akauliza rubani wa pili analipwa ngapi, nikamwambia, akacheka akasema ni chini ya anachomlipa fundi wa msumeno mkubwa na wasaidizi wake. Nikamwambia pia kampuni za bima zenyewe kwa mtu anayeingia kwenye jeti mara ya kwanza huwa zinataka arushe masaa kadhaa na rubani mzoefu pembeni, na mazoezi ya simuleta, ule mtambo wa kuigiza ndege, kila mwaka, kwa hiyo asilione kama ni fundi wa Uyole tu anamuonea wivu. Hapo akaniangalia akasema fundi sijawahi kufikiri unanionea wivu.

Tumefikia hapa: mwaka wa kwanza hapai bila rubani wa pili, na huyo wa pili akisema tunalala Dar, wanalala Dar, bila mjadala. Mwaka wa pili anasema tutaongea.

Mke wake alikuwa anatoa vyombo mezani muda wote hajasema neno. Akaweka sahani chini, akasema hata huo mwaka wa pili, yeye na watoto hawapandi kama kiti cha pembeni kiko tupu.

Bosi alitazama dirishani, upande wa msitu, hakumjibu.